Samli Iliyochakacha Kanisani

Hii aibu nilikuwa nimeapa nitazikwa nayo, lakini kwa vile nusu ya Isinya inaijua, na ile nusu nyingine imeisikia ikiwa imeongezwa chumvi (kuna mtu alimwambia shemeji yangu kule Matasia eti nilimlisha pasta panya), afadhali niiseme mwenyewe, ili mkicheka mcheke kitu cha kweli.

Mimi nafuga kuku wa mayai hapa nyuma ya nyumba, na kando ya banda niko na stoo ya mabati ya kuwekea chakula chao. Sasa panya waliingia kwa ile stoo wakajiona wenye ploti. Wanakula chakula cha kuku, wanaiba mayai, wanazaana, mchana kweupe unafungua mlango unakuta mmoja ameketi juu ya gunia anakuangalia kama wewe ndiye umebisha hodi. Mke wangu, Mama Njeri, akaniambia watoke panya au atoke yeye, na kwa sababu kuku ni wake (mimi husema ni wangu nikiwa mbali naye), nikapanda boda mpaka Kitengela, kwa agroveti, duka la dawa za mifugo na shamba.

Msichana wa pale alinipa pakiti ya ngano iliyopakwa rangi ya buluu na akanieleza polepole, bila haraka yoyote.

"Baba, hii haiui papo hapo. Inafanya damu ikatae kuganda. Panya atakula leo, kesho atakula tena, atazunguka siku kadhaa, pengine hata wiki, ndio afe. Usishtuke ukiona bado wanatembea. Iweke ndani ya kisanduku kando ya ukuta, pale wanapopita, kuku na mbwa wasifikie, na uongeze kila ikipungua mpaka uone hawali tena. Vaa glavu. Wakianza kufa waokote uwazike. Na usiitoe kwa pakiti yake."

Mimi nilikuwa nasema "sawa, sawa, sawa" huku nikichungulia nje nione kama boda wangu ameniacha, na mnajua mtu akisema sawa mara tatu hakuna kitu amesikia.

Lakini nijitetee kidogo. Mambo ya visanduku niliyafanya vizuri sana, nilichukua mitungi ya plastiki ya mafuta ya kupikia, nikatoboa shimo la panya kila upande, nikaweka sumu ndani, nikaifunga na waya kando ya ukuta wa stoo, na Simba, mbwa wetu, alijaribu kuingiza pua akashindwa akaenda zake. Glavu pia nilivaa (zile za Mama Njeri za kuoshea vyombo, hilo tuliache). Shida ilikuwa pakiti. Niliifungua na panga, ikapasuka kutoka juu mpaka chini, sumu iliyobaki ikaanza kumwagika, nikaangalia huku na huku pale jikoni nikaona mkebe wa majarini, mtupu, msafi, na kifuniko chake kinabana vizuri. Nikamimina humo. Nikauzungushia selotepu, nikauweka juu kabisa ya kabati ambapo watoto hawafiki, nikajipongeza kwa kuwa mtu wa usalama, na ile pakiti yenye maandishi yote nikaitupa kwa shimo la takataka.

Ninyi wenyewe mnajua mikebe ya majarini katika nchi hii. Haifi. Ina maharagwe, ina vifungo, ina mbegu za sukuma, ina chumvi ya ng'ombe, na ukiingia nyumba yoyote ufungue mkebe wa majarini ukute majarini ndani, unashangaa. Kwa hivyo sikuona ajabu kwamba juu ya kabati letu tayari kulikuwa na mkebe mwingine wa aina ile ile, nao umezungushiwa selotepu. Ulikuwa na samli ya Mama Njeri. Ile samli kanisa lote linaijua, na alikuwa ameiandaa kwa ajili ya Sikukuu ya Mavuno.

Siku zikapita na panya wakazidi kunona. Sumu ilikuwa inaliwa, mimi naongeza, inaliwa, naongeza, na hakuna hata mmoja amekufa. Nikakasirika. Kwenye ushirika wa wanaume nikasimama nikatoa ushuhuda kwamba watu wa agroveti ni wezi, wameniuzia dawa feki, panya wangu sasa wana afya kuliko watoto wangu. Nikamwambia na jirani yangu, Mzee Lemayian, ambaye hukaa mbele kidogo kwa barabara ya Kajiado na ana ng'ombe ambao hata yeye mwenyewe hamalizi kuwataja. Alinisikiliza, akasema, "Wewe iko na haraka sana, Baba Njeri," akaenda zake.

Sasa Jumapili ya mavuno ilikuwa siku yangu. Baada ya mnada, pasta wetu alikuwa aniweke kuwa mzee wa kanisa, kitu ambacho nilikuwa nimekitafuta kwa muda mrefu, nimepanga viti, nimebeba spika, nimecheka na watu ambao hawachekeshi. Nilikuwa na suti mpya ya kijivu. Mama Njeri na watoto walikuwa wameshapanda pikapu iliyotuchukua, injini inanguruma, mimi ndio nafunga mlango, akaniita kwa dirisha, "Baba Njeri, samli! Iko juu ya kabati!"

Nikarudi mbio. Nikanyoosha mkono juu ya kabati bila kuangalia, kwa sababu tai ilikuwa inanibana na sikutaka kuinua kichwa. Nikashika mkebe. Nikakimbia nao mpaka kwa gari, nikaupakata mapajani njia nzima kwa heshima, na tulipofika nikauweka mimi mwenyewe, kwa mikono miwili, mbele ya madhabahu.

Kwa wale hawajafika kanisani kwetu: siku ya mavuno kila mtu huleta alicho nacho, kuku, mahindi, maziwa, mbuzi, halafu vinapigwa mnada na watu wananunua kwa ajili ya Bwana. Asiye na pesa anaahidi mnyama. Mpiga mnada ni Shemasi Wambua, ambaye siku za kazi ni dalali wa ng'ombe sokoni Kajiado, na hajui kuuza kitu kingine chochote isipokuwa ng'ombe, kwa hivyo hata akiuza kabichi anaizungusha akisema angalieni mgongo, angalieni miguu. Na mnunuzi mkubwa ni Mzee Lemayian. Yeye huketi safu ya mbele, koti la suti na shuka juu yake, na hajawahi kushindwa mnada tangu nimjue. Akitaka kitu, kimeenda.

Wambua aliinua mkebe wetu juu. "Samli ya Mama Njeri!" Watu wakapiga makofi, Mama Njeri akainamisha kichwa kwa unyenyekevu (alikuwa anafurahi mpaka masikio). Kisha Wambua, kwa ile tabia yake ya kuchangamsha watu, akausogeza karibu na maiki akautikisa.

*Chaka chaka chaka.*

Mimi damu ikanishuka mpaka kwa soksi.

"Hii samli ni ngumu!" Wambua akasema, na watu wakacheka, lakini mimi nilikuwa nimeketi pale kiti cha mbele cha wanaowekwa wazee, nikijua kwamba samli haichakachi, na kwamba kwa kabati langu kuna kitu kimoja tu kinachochakacha.

Sasa hapa ndipo ningesimama niseme. Mtu wa akili angesimama aseme. Lakini nilipiga hesabu haraka: nikisema, nitakuwa mtu aliyemletea Mungu sumu ya panya siku ya kuwekwa mzee, lakini nikiununua mwenyewe nitaubeba nyumbani kimya kimya na hakuna mtu atajua mpaka Yesu arudi. Niliona ni hesabu nzuri sana. Nikainua mkono.

"Kuku mmoja!" nikasema.

Mama Njeri alikuwa safu ya pili nyuma yangu. Akanifinya. "Baba Njeri, unanunua samli yangu? Kwani nyumbani umenyimwa?"

"Ni kwa kazi ya Mungu," nikamnong'oneza.

Mzee Lemayian akageuza kichwa polepole akaniangalia. Anaipenda hiyo samli, huinunua kila mwaka, na hakuna mtu humpinga. "Kuku mbili," akasema.

"Kuku watano!"

"Mbuzi."

Watu wakaanza kupiga vigelegele. Wambua akachangamka, akaanza kuzunguka na mkebe kama anaonyesha fahali, anautikisa kila hatua, chaka chaka, "Haya, mbuzi ya Mzee Lemayian, nani ataacha samli ya kengele iende na mbuzi moja?" Nikasema mbuzi na kuku. Lemayian akasema mbuzi mbili. Nikasema kuku wote wa banda, na nyuma yangu nikasikia Mama Njeri akisema "Ngai!" kwa sauti ambayo hata kwaya ilisikia, kwa sababu, kama nilivyowaambia, kuku ni wake.

Lemayian alivua miwani, akaifuta na shuka, akaiweka mfukoni. Baadaye aliniambia alichokuwa anafikiria: mtu anayepigania mkebe uliotoka kwa nyumba yake mwenyewe mpaka anauza kuku wa bibi, basi ndani ya huo mkebe kuna kitu, pengine hata dhahabu, na mtu akionyesha hivyo anataka kitu lazima umshinde kwanza ndio uulize.

"Ndama," akasema.

Mimi sina ndama. Wambua akahesabu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na mkebe ukaenda kwa Mzee Lemayian, kanisa limesimama, kinanda kinalia, pasta mwenyewe anapiga makofi.

Hata wakati huo nilikuwa bado napanga. Nilifikiri nitamwendea baada ya ibada, tubadilishane, nimpe samli ya kweli, tucheke. Lakini Lemayian si mtu wa kungoja baada ya ibada. Alibandua selotepu pale pale, akafungua, akaangalia ndani bila miwani, akaona nafaka, akasema kwa sauti, "Kitu imenitoa ndama lazima nionje," akachota.

Nilisimama. Kumbe nilikuwa nimekanyaga waya wa spika ambao niliutandaza mimi mwenyewe asubuhi, nikaanguka kifudifudi mbele ya madhabahu na suti yangu, na nikiwa bado chini nikapiga yowe:

"Usile! Ni sumu ya panya!"

Wakati huo tayari ilikuwa mdomoni. Mzee alitema papo hapo, kwa sababu watengenezaji huiwekea kitu kichungu kusudi mtu asiimeze, akatema tena, akasema "Oi! Chungu!" na alipogeuka kutuangalia, ulimi ulikuwa buluu, midomo buluu, na kidevu nacho buluu. Kuna mama alizirai. Wengine wakasema apewe maziwa, wengine mafuta, wengine maji ya chumvi atapike, mtu mmoja akasema apewe ile samli, na mwingine akamjibu ndiyo hiyo imemuua.

Aliyetuokoa ni pasta. Alishika maiki akasema hakuna kumpa kitu na hakuna kumtapisha, asukutue mdomo na maji, ateme, apelekwe hospitali sasa hivi. Halafu akanigeukia. "Pakiti iko wapi?"

"Pakiti gani, pasta?"

"Ya sumu, Baba Njeri. Daktari atataka kujua ni sumu gani."

Mimi nikasema iko kwa shimo la takataka, na niliona kwa macho yake kwamba uzee wangu wa kanisa umetoka kwa mlango ukaenda.

Tulimpeleka kwa pikapu ya Wambua, ile ya kubebea mbuzi. Mzee Lemayian mbele, mimi nyuma nimeshika vyuma, na njia nzima niliomba maombi ya kweli, si yale ya kusikika. Sikuwa nafikiria suti wala uzee. Nilikuwa naona tu kile kidevu cha buluu. Nilikuwa naogopa sana, wacha niseme hivyo.

Daktari alimchunguza mdomo, akauliza alimeza kiasi gani. Mzee akasema labda punje mbili, tatu, zingine alitema. Akauliza, "Mzee, kuna dawa yoyote unatumia kila siku?"

Lemayian akaingiza mkono chini ya shuka akatoa kipakiti cha vidonge. Mguu wake ulikuwa umewahi kuganda damu, na tangu hapo anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande tena. Daktari alisoma, akainua uso akaniangalia, hakucheka. Akasema kwa mtu mwingine punje chache hivyo pengine zisingekuwa kitu, lakini mzee tayari anatumia dawa ya jamii hiyo hiyo, kwa hivyo atapimwa damu leo na atapimwa tena baada ya siku kadhaa, kwa sababu sumu hii haina haraka. Dawa ya kuitibu ipo, ni vitamini K, lakini haiwezi kutolewa ovyo kwa mtu kama yeye, isije damu ikaganda tena. "Nataka ile pakiti," akasema.

Nikarudi na Wambua. Na pale nyumbani ndipo nilipata aibu ya pili, kwa sababu Mama Njeri alikuwa ameshawaambia watu waje kutafuta pakiti, na kanisa karibu lote lilikuwa limezunguka shimo langu la takataka. Wazee wa kanisa, wazee wenyewe waliokuwa wanikaribishe kati yao, walikuwa ndani wamekunja suruali za suti, wanapekua maganda ya ndizi na nepi. Kwaya iko juu na yunifomu inaelekeza. Kila mtu sasa anajua tunakula nini na tunatupa nini.

Halafu Mama Njeri akatoka kwa stoo, ameshika koleo. Juu ya koleo kulikuwa na panya amelala chali. Akarudi, akaja na mwingine. Akarudi tena. Kando ya ukuta, chini ya magunia, nyuma ya mlango, wote walikuwa wamekufa, panya wote ambao nilisimama mbele ya wanaume wenzangu nikasema wana afya.

"Dawa feki hii imeua sana," akasema, mbele ya watu wote. "Mtu amfunge Simba asije akala hawa. Na wewe, vaa glavu uzike. Si zangu. Tafuta zako."

Pakiti ilipatikana chini kabisa, imeshikana na chujio la chai, na maandishi bado yanasomeka. Mstari wa kwanza kabisa ulisema isihamishiwe kwenye chombo cha chakula. Aliyeusoma kwa sauti ni Shemasi Wambua, na yeye hajui kusoma kitu bila kukipigia mnada.

Vipimo vya siku hiyo vilikuwa vizuri, mzee akaruhusiwa kwenda nyumbani, lakini mimi sikulala vizuri mpaka vile vya pili. Kila asubuhi nilimpigia simu. Nikisikia anachukua muda kushika, naanza kuomba, kisha anashika, anapumua kwa nguvu makusudi, anasema, "Leo pia nimeamka. Bado naangalia." Alinifanya nimpelekee mayai. Alinifanya nimpeleke hospitali kwa vipimo vya pili, nimngojee, nimnunulie soda, na daktari aliposema damu iko sawa kabisa, mimi ndiye niliyelia, pale kwa benchi, na kitambaa nilikopa kwake.

Tulipotoka nje alisimama akaangalia kile kipakiti chake cha vidonge kwa muda mrefu.

"Ero," akaniambia, kama Wamaasai wanavyomwita kijana, "daktari amesema hii dawa yangu na ile sumu yako ni ndugu."

"Ndiyo, mzee."

"Kumbe hawa watu wananipa sumu ya panya kila siku, na wananipa bila ndama." Akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu mavuno.

Ndama alimtoa. Neno lake ni neno, alimpeleka kanisani mwenyewe. Mimi uzee sikupewa, pasta alisema kwa upole tungoje kidogo, na bado tunangoja. Siku hizi sumu yangu hukaa kwa pakiti yake, pakiti iko ndani ya sanduku la chuma, sanduku liko na kufuli, na ufunguo anakaa nao Mama Njeri, kwa sababu mimi siaminiki. Mkebe wa majarini siugusi, hata mtupu, hata wa jirani, na mtu yeyote akisema panya wake hawafi namwambia anyamaze angoje.

Lakini kuna jambo moja sijasamehewa. Kila Sikukuu ya Mavuno Mama Njeri hupeleka samli yake, na Wambua huiinua, huitikisa karibu na maiki (watu hungoja hiyo kwa hamu), na haichakachi. Lakini Mzee Lemayian hasemi bei. Anainuka, anavaa miwani, anauchukua mkebe, anaufungua, na anatoa kijiko mfukoni, kijiko ambacho amekibeba kutoka nyumbani kwa kazi hiyo tu. Kisha ananiita mbele kwa jina.

Natembea mpaka pale, nachota kijiko kimoja cha samli, nakiweka mdomoni.

"Meza," anasema. "Sasa toa ulimi tuone."

Na mimi natoa.